Msimbo Uwe Wazi, na Ushahidi Je?

Mhadhara kwa wanafunzi wa uhandisi wa programu na uhandisi wa ndege, Nairobi

Asante mwenyekiti. Walimu wenzangu, wanafunzi, na ndugu zetu mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, karibuni.

Mada niliyopewa ni programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, dhidi ya programu funge, ambazo msimbo wake umefichwa, katika utoaji wa vyeti vya ndege. Najua wengi mmekuja mkitarajia mdahalo: upande huu Linux, ule mfumo endeshi huria, upande ule makampuni makubwa, na mimi niwe refa. Sitafanya kazi hiyo. Nimelisema jambo langu katika kumbi nyingi na leo nalisema tena, na walionisikia zamani wanivumilie. Tunagombania msimbo, tunasahau ushahidi. Katika ndege, kuandika msimbo ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni yale makabrasha yanayoeleza kwa nini msimbo huo uaminiwe: nani aliona hatari gani, akaipa uzito gani, akaandika mahitaji gani, akajaribu nini, akapata nini. Makabrasha hayo ndiyo yamefungiwa kabatini, na mara nyingine yamefungiwa hata pale ambapo msimbo wenyewe uko wazi kwa kila mtu.

DO-178C, ule mwongozo wa kuthibitisha programu za ndege, mnaifundishwa, sitairudia. Madaraja ni matano. A ni programu ambayo ikikosea ndege inaweza kuanguka, E ni ile ambayo ikikosea hakuna anayedhurika. Malengo ya kutimiza ni 71 kwa A, 69 kwa B, 62 kwa C, 26 kwa D. Shikeni jambo moja tu hapo: daraja halitoki kwenye msimbo. Linatoka kwenye tathmini ya hatari, inayofanywa juu kabisa, kabla mwandishi wa programu hajagusa kibodi. Tathmini ikikosea, kila kinachofuata kitafanywa vizuri sana kwa kipimo kisicho chake. Na jambo la pili, kwa sababu nalisikia kila mwezi: programu haipewi cheti peke yake. Anayepewa cheti ni ndege, au injini, au kifaa. Mtu akikuuzia programu "yenye cheti cha DO-178C", muulize cheti hicho kiko ndani ya ndege ipi.

Haya, twende Addis Ababa.

Tarehe 10 Machi 2019, saa 2:38 asubuhi, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302 iliondoka uwanja wa Bole kuja hapa kwetu Nairobi. Ilikuwa Boeing 737 MAX 8, mpya. Dakika sita baadaye ilikuwa imezama shambani karibu na Bishoftu, na watu 157 wamekufa. Wakenya walikuwa 32. Hakuna taifa lililopoteza watu wengi zaidi katika ndege ile kuliko sisi. Ndiyo maana siwezi kulizungumzia jambo hili kama fumbo la wahandisi, na sipendi mtu akilizungumza hivyo mbele yangu.

Tazameni kilichotokea kwa karibu. Puani mwa ndege kuna vihisi viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, vinavyopima pembe ya ndege dhidi ya hewa inayoikabili. Muda mfupi baada ya kupaa, cha kushoto kilipanda hadi nyuzi 74.5. Cha kulia kilikuwa kinasoma nyuzi 15.3. Hakuna ndege ya abiria inayopaa kwa pembe ya nyuzi 74. Yeyote aliyeona namba hizo mbili zikiwa pamoja angejua kwamba moja ni ya uongo, na angejua ni ipi. Lakini mfumo uitwao MCAS haukuziangalia mbili. Uliangalia moja, na safari ile ilikuwa zamu ya kihisi cha kushoto. MCAS iliwekwa kwa sababu injini za MAX ni kubwa na zimesogezwa mbele, kwa hiyo pembe ikizidi pua huelekea kuinuka kupita kiasi. Mfumo ukidhani pembe imezidi, unazungusha bawa dogo la mkiani ili pua iteremke. Unasukuma kwa sekunde 9 hivi. Rubani akirekebisha kwa swichi ya usukani, unasubiri sekunde 5, kisha unasukuma tena. Katika ajali ya kwanza, ile ya Lion Air 610 huko Indonesia, ya tarehe 29 Oktoba 2018 iliyoua watu 189, marubani walipigana nao zaidi ya mara 20.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wa programu huria wanaponipita mbio. Msimbo wa MCAS haukuwa na kosa. Ulifanya kilichoandikwa kwenye mahitaji. Ungepewa wewe uukague dhidi ya mahitaji hayo, ungeupitisha, na mimi ningeupitisha. Mkaguzi wa nyumba akiambiwa apime kama ukuta umefuata mchoro, atapima na kutia sahihi, hata kama mchoro umeweka mlango wa ghorofa ya tatu usio na ngazi.

Kosa lilikuwa wapi? Mwanzoni MCAS ilibuniwa kwa ajili ya mwendo wa kasi tu. Ilihitaji ishara mbili za aina tofauti ndipo iamke, na ilisogeza bawa la mkiani nyuzi 0.6. Baadaye ikaonekana inahitajika kwenye mwendo mdogo pia. Ile ishara ya pili ikaondolewa, na mwendo wa bawa ukapanuliwa hadi nyuzi 2.5. Yaani mara nne na zaidi. Timu ya pamoja ya mamlaka za anga, JATR, ilipotoa ripoti yake Oktoba 2019, ilisema wazi kwamba nyaraka za uthibitisho hazikuhuishwa kufuata mabadiliko hayo, na kwamba habari za MCAS ziliifikia mamlaka ya Marekani kwa vipandevipande. Mfumo ukijiendesha bila sababu katika safari ya kawaida, hatari yake ilikuwa imewekwa kwenye daraja la "kubwa". Haikuwekwa kwenye "maafa". Kwa nini? Kwa sababu tathmini ilidhani rubani atatambua na kurekebisha ndani ya sekunde chache, tatu au nne. Lakini kamati ya Bunge la Marekani, katika ripoti yake ya Septemba 2020, ilionyesha kwamba mwaka 2012 rubani wa majaribio wa kampuni hiyohiyo alichukua zaidi ya sekunde 10 ndani ya kifaa cha kuigiza safari, na akaiona hali ile kuwa ni ya maafa.

Sekunde 10! Mwaka 2012! Miaka saba kabla ya Bishoftu kulikuwa na karatasi mahali fulani yenye neno "maafa", na karatasi hiyo haikufika kwa mtu aliyekuwa na kazi ya kuisoma. Hamwezi kuniambia kwamba dawa ya hilo ni kuweka msimbo kwenye intaneti.

Najua mtu atainuka aniambie: mwalimu, msimbo ungekuwa wazi, si tungeona kwamba unasoma kihisi kimoja? Mngeona, ndiyo. Mngepiga kelele, na mngejibiwa hivi: kwa hatari ya daraja la "kubwa", chanzo kimoja cha taarifa kinaweza kukubalika. Jibu hilo lingekuwa sahihi kwa mujibu wa nyaraka zilizokuwepo. Msingeweza kulipinga, kwa sababu kilichowapa daraja la "kubwa" ni tathmini ambayo msingeruhusiwa kuiona. Mngebaki na msimbo mkononi na hoja isiyo na miguu.

Ila nisiwe mtu wa upande mmoja. Ndani ya kisa hichohicho kuna jambo ambalo chanzo huria kingelitibu. Ndege ile ilipaswa kuwa na onyo linalowaka kwenye kioo cha vipimo mbele ya rubani vihisi viwili vikitofautiana. Lilikuwa limeahidiwa kwenye kila MAX. Programu ya kioo ililifunga onyo hilo kwenye kipimo kingine ambacho mashirika ya ndege yalikinunua kwa hiari. Hukukinunua kipimo, onyo haliwaki. Boeing yenyewe ilikiri Mei 2019 kwamba wahandisi wake waligundua hilo mwaka 2017, miezi michache baada ya ndege za kwanza kukabidhiwa wateja. Wateja hawakuambiwa mpaka Lion Air ilipoanguka, na wachunguzi wa Indonesia wakaliweka kosa la onyo hilo miongoni mwa yaliyochangia ajali. Hapa mahitaji yalisema kitu kimoja na msimbo ukafanya kingine. Hili ni aina ya kosa ambalo mhandisi wa shirika lolote la ndege, akiwa na msimbo na siku mbili za utulivu, angelikuta. Sharti moja tu lisilo mahali pake.

Kwa hiyo yapo magonjwa mawili. Lipo la mahitaji na lipo la msimbo. Mtu anayekuuzia dawa moja kwa magonjwa yote mawili hajui anachouza.

Nitoe mfano wa ugonjwa wa pili ulio safi kabisa, na ambao uliingia mpaka kwenye karakana zetu. Kenya Airways ilipokea Boeing 787 ya kwanza Aprili 2014. Mwaka uliofuata FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ikatoa agizo kwa 787 zote zilizosajiliwa kwake: vitengo vinavyodhibiti jenereta vina kihesabio ndani ya programu, na umeme ukikaa bila kuzimwa kwa siku 248, kihesabio kinafurika. Vitengo vyote vinne vikiwa vimewashwa kwa wakati mmoja, vyote vinajizima kwa wakati mmoja, hata ndege ikiwa angani, na umeme mkuu wote unapotea. Tiba ya muda? Zima umeme wa ndege kila baada ya siku zisizozidi 120.

Chukueni kalamu. Namba ya biti 32 yenye chanya na hasi inaishia 2,147,483,647. Ihesabuni kama sehemu za mia za sekunde, yaani hesabu 100 kwa kila sekunde. Gawanyeni kwa 100, mnapata sekunde milioni 21 na ushee. Gawanyeni kwa 86,400, mnapata siku 248 na nusu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeko hapa, akifunguliwa ukurasa ule wa msimbo, anaweza kuliona. Fundi wetu, ambaye ndiye anayeishi na ndege hiyo, hawezi kufunguliwa. Anapewa karatasi inayosema zima, washa. Mimi naona hilo ni dharau kwa taaluma yake, na nitaendelea kulisema.

Kwa kosa la namna hiyo niko upande wa chanzo huria bila kusita. Lakini hebu tuione programu huria ambayo imefika ndani ya ndege kweli, tuone ni nini kilicho wazi na ni nini kilichofungwa.

SQLite mnayo mifukoni, kila simu iliyomo humu ndani inayo. Ni hifadhidata ndogo, na msimbo wake ni mali ya umma, hauna hata leseni. Watengenezaji wake wanaeleza kwamba Airbus imewathibitishia kuwa inatumika kwenye programu za ndege za A350. Msimbo ni mistari karibu 156,000. Msimbo wa kuujaribu ni mara 590 ya huo. Nimeisema namba hiyo mara nyingi na bado naona watu wanatabasamu kana kwamba natia chumvi. Mara mia tano na tisini.

Sehemu ya kazi hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye uamuzi wao wa kufuata kipimo kigumu kuliko vyote vya daraja A, kile cha MC/DC. Kwa wasiokijua, nitakieleza haraka. Tuseme sharti la kufungua breki ya injini, ile inayogeuza msukumo ili ndege ipunguze mwendo ikishatua, ni hili: magurudumu yamebeba uzito, NA ama matairi yanazunguka AU mwinuko ni sifuri. Haitoshi kujaribu mara moja ikubali na mara moja ikatae. Lazima uonyeshe kwamba kila moja ya hali tatu, peke yake, inaweza kubadilisha uamuzi. Jaribio la kwanza: uzito upo, matairi yanazunguka, mwinuko si sifuri, breki inafunguka. La pili: toa uzito tu, breki inakataa. La tatu: rudisha uzito, simamisha matairi, inakataa. La nne: matairi bado yamesimama, mwinuko sasa sifuri, inafunguka. Majaribio manne badala ya manane, na kila hali imethibitisha kwamba haikuwekwa pale bure. Sasa fanyeni hivyo kwa kila sharti ndani ya hifadhidata nzima.

Na sasa sikilizeni. Yapo majaribio ya SQLite yaliyo wazi, mengi tu. Lakini ule mkusanyo wa majaribio unaofikisha MC/DC kwa asilimia 100, unaoitwa TH3, umefungwa. Unauzwa kwa leseni. Msimbo bure, ushahidi kwa pesa. Siwalaumu hata kidogo, kazi ile ni kubwa na watu wanakula kwa jasho lao. Nawaambia tu mwone thamani iko wapi. Hawa ni watu waliogawa msimbo wao kwa dunia nzima bila sharti lolote, na miongoni mwa vichache walivyoamua kuviweka kabatini ni ushahidi. Wanajua ndicho mtu wa ndege atakachokuja kukiulizia.

Tena SQLite inajibu hoja nyingine ninayoisikia kila mara kutoka kwa watu wa mamlaka, kwamba programu huria haina mwenyewe, yeyote anaweza kuingiza chochote. Si kweli. Watengenezaji wa SQLite hawapokei msimbo wa mpita njia. Unaruhusiwa kusoma, kunakili, kubadilisha nakala yako, lakini kilicho kwao wanakiandika wao. Uwazi wa kusoma ni jambo moja, na ruhusa ya kuandika ni jambo jingine. Tafadhali tuache kuyachanganya, mjadala huu una miaka mingi na bado tunayachanganya.

Hoja ya wadukuzi. Nitapita haraka kwa sababu inanichosha. "Mkifungua msimbo wa ndege, magaidi watausoma." Msimbo uliofungwa nao husomwa, ila na watu wachache na kwa siri. Kuna mtafiti wa usalama aliyekuta msimbo wa mitandao ya ndani ya 787 kwenye seva ya Boeing iliyokuwa wazi, akauchambua, akawasilisha matokeo yake hadharani mwaka 2019. Boeing ilipinga hitimisho lake, na mjadala wa nani alikuwa sahihi tuuache. Kilichobaki ni kwamba aliusoma. Kama usalama wa ndege yako unategemea mtu asiione seva yako, huna usalama.

Na upande wa pili pia unichoshe kwa haki. "Macho mengi yakitazama, makosa yanaisha." Heartbleed, kosa la usalama, ilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya intaneti, miaka miwili, wazi kabisa, mpaka Aprili 2014, na nusu ya dunia ikiitegemea. Macho yalikuwepo, waliolipwa kutazama walikuwa wachache mno. Mwaka 2019 nao makosa 11 yaligunduliwa kwenye sehemu ya mtandao ya VxWorks, mfumo endeshi uliofungwa na ulio ndani ya mashine nyingi sana. Yapo yaliyokuwa yamekaa humo zaidi ya miaka kumi. Lakini matoleo ya VxWorks yaliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya vyeti hayakuguswa. Mnaona? Hayakuokolewa na uwazi wala na ufungaji. Kwenye matoleo hayo kila mstari unatakiwa ujieleze umetokana na hitaji lipi, na usioweza kujieleza unatolewa. Ndiyo sababu pia Linux nzima nzima haiingii daraja A, na wanafunzi wangu wanaoniuliza kila muhula waelewe kwamba si chuki. Ni mistari zaidi ya milioni 20 ambayo haikuandikwa kutokana na mahitaji yaliyokuwepo kabla yake. Wapo wanaohangaika na hilo kwa bidii, mradi wa ELISA ulianza 2019 chini ya Linux Foundation na una kikundi cha anga. Nawatakia heri kwa moyo wote.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu zana, nitaikata. Niseme hili tu: kuna mahali ambapo chanzo huria kimeshashinda na watu hawajui. GNAT, kompaila ya lugha ya programu ya Ada, yaani zana inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa na mashine, ilianzia Chuo Kikuu cha New York kwa fedha za Jeshi la Anga la Marekani, ikaingia ndani ya GCC, mkusanyo wa kompaila huria, na leo inajenga programu za ndege. Airbus pale Toulouse iliongoza mradi wa TOPCASED, zana huria za kubuni mifumo, kwa sababu ya kawaida kabisa ya kibiashara. A300 iliruka mara ya kwanza mwaka 1972 na bado zipo zinazobeba mizigo. Kampuni iliyokuuzia zana mwaka ule iko wapi? Ndege inaishi miaka 40, muuzaji wa zana anaishi kumi. Ukiwa na msimbo wa zana, hukwami muuzaji akifa. Hoja hii ni nzito kuliko falsafa zote za uhuru, na cha ajabu ndiyo isiyotajwa.

seL4 pia, kerneli ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, iliyothibitishwa kwa hesabu mwaka 2009 na kufunguliwa 2014. Iliruka ndani ya helikopta ya majaribio ya Boeing isiyo na rubani. Pale msimbo uko wazi na uthibitisho wake pia uko wazi, pamoja. Hicho ndicho ninachokitaka. Anayetaka kujua inawezekana aende akausome, ni bure.

Droni naziacha. Samahani, najua kuna waliokuja kwa ajili ya droni.

Nimalizie na sisi. Mamlaka zetu, ya Kenya, ya Tanzania, ya Uganda, hazichunguzi ndege kubwa upya kuanzia sifuri. Zinapokea cheti cha nchi ilikobuniwa na kukithibitisha. Hakuna aibu hapo, dunia karibu yote inafanya hivyo. Lakini mjue maana yake. Siku ile ya Bishoftu, China ilisimamisha MAX zake kesho yake, tarehe 11. Marekani ilisimamisha tarehe 13. Katika siku hizo, mtu wa mamlaka yoyote ya Afrika Mashariki alikuwa na nini mkononi cha kusoma ili aamue mwenyewe? Na JATR ilipoundwa, zilishiriki pamoja na Marekani mamlaka za Australia, Brazili, Kanada, China, Ulaya, Indonesia, Japani, Singapore na Falme za Kiarabu. Orodha hiyo haina nchi hata moja ya Afrika. Ndege ilianguka Afrika, ikija Nairobi.

Basi tuombe nini? Mtu ataniambia hatuna nguvu ya kuilazimisha Boeing au Airbus ifungue msimbo, na ni kweli, na mimi nimeshaeleza kwamba msimbo peke yake usingetutosha. Lakini ipo nyaraka moja. DO-178C inataka kila programu ifungwe na muhtasari wa ukamilishaji, na ndani ya muhtasari huo lazima yaorodheshwe matatizo yote yanayojulikana na ambayo hayajatatuliwa siku programu inapokabidhiwa. Kila moja, na sababu ya kuliacha. Nyaraka hiyo ipo tayari, imeshaandikwa, imeshalipiwa. Haina siri za ubunifu za kutisha mtu. Air Tanzania ilipopokea 737 MAX 9 mwaka 2023, na Kenya Airways inapofikiria ndege zijazo, muuzaji yuko mezani na anataka sahihi. Pale ndipo pa kusema: tunataka mamlaka yetu isome orodha hiyo, pamoja na tathmini ya hatari iliyotoa madaraja, na kila ikibadilika tuletewe. Liwe sharti ndani ya mkataba, kama vipuri na mafunzo ya marubani yalivyo sharti.

Na tuwe na watu wa kuisoma. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu hata kanuni yenyewe imefungwa. DO-178C inauzwa. Mwongozo unaoamua kama mama yangu atafika salama Nairobi, mwanafunzi wangu hawezi kuusoma mpaka alipe kwa dola. Vyuo vyetu vichangie nakala halali, iwekwe maktaba, na mamlaka ya anga iwape wahitimu wetu mazoezi ya kusoma tathmini halisi. Wahandisi wanaojua kuandika programu tunao wengi. Wanaojua kusoma tathmini ya hatari na kusema "daraja hili si sahihi, na sababu ni hii" ni wachache mno.

Anayetafuta mada ya tasnifu, ripoti ya JATR iko wazi na ina mapendekezo kumi na mawili. Chukua moja, uliza mamlaka yetu imelifanyia nini, andika. Nitakuwa tayari kusimamia.

Maswali sasa. Kuna kijana pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipoitaja Linux. Tuanze na yeye.